Nyota iwakayo kila majuma saba

Juma hili twataka kuongea nanyi juu ya nyota moja ambayo hakuna hata mmoja kati yetu awezaye kuiona kwa macho matupu. Jina lake halina utamu: huitwa SS Cygni. Cygni ni neno la Kilatini, maana yake «ya batamaji», kwa sababu nyota hiyo imo katika kundi ambalo watu wa kale wa Ulaya waliliona kama bata mkubwa mweupe arukaye huku amenyosha shingo. Herufi mbili za mbele ni alama tu ya kuitofautisha na nyota nyingine za kundi lile ambazo mwanga wao hautulii.

Siku nyingi SS Cygni hulala. Mwenye darubini ndogo hatazami kitu, mwenye darubini kubwa kidogo huona nukta hafifu kati ya nukta nyingine nyingi. Kisha, kwa muda wa siku moja hivi, mwanga wake hupanda hata mara 40. Hukaa hivyo juma zima au zaidi, halafu hufifia polepole na kurudi katika usingizi wake. Kwa wastani jambo hili hutokea kila baada ya majuma saba. Lakini wastani ni wastani tu: mara huja mapema, mara huchelewa sana, wala hakuna mtaalamu awezaye kutaja siku.

Basi, kwa kuwa siku haijulikani, lazima awepo mtu wa kukesha. Na wakeshaji hao, tangu zamani, wengi wao si maprofesa wenye darubini za milimani. Ni makarani, walimu, mafundi, wenye maduka, wastaafu, ambao hutoka uani usiku wakati jirani zao wamekwisha kufunga milango. Hawalipwi kitu. Jirani huwacheka, na pengine hata watu wa nyumbani mwao huuliza: «Mwaka mzima unatazama nyota ile ile, una faida gani?» Swali hilo si la upumbavu, nasi hatutalijibu kwa maneno matamu. Tutalijibu kwa kueleza jambo lililotokea kati ya mwaka 1999 na 2013, ambapo wenye elimu kubwa walikwama, na ilibidi wangoje neno la watu hao wa uani.

Kwanza tujue nyota za namna hii zilivyogunduliwa. Tarehe 15 Desemba 1855, Mwingereza John Russell Hind alikuwa London akitafuta sayari ndogo. Katika kundi la Mapacha akaona nyota isiyokuwamo katika ramani zake. Baada ya siku chache ikafifia. Watu wangeweza kudhani ni nova, yaani nyota iwakayo mara moja kwa nguvu nyingi kisha huzimika kwa miaka mingi sana. Lakini mwezi wa Machi 1856 mwenzake Norman Pogson akaiona tena inawaka mahali pale pale. Nyota hiyo ni U Geminorum, ya kwanza ya aina ambayo wataalamu huiita nova kibete, kwa kuwa huwaka kama nova, ila kwa nguvu ndogo na kwa kurudiarudia.

SS Cygni ilijulikana mwaka 1896. Aliyeigundua ni mwanamke, Louisa D. Wells, mmoja wa wanawake waliofanya kazi katika nyumba ya kutazamia nyota ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Kazi yao ilikuwa kuchunguza picha za mbingu zilizopigwa juu ya vioo, nukta kwa nukta, kwa mshahara mdogo. Bibi Wells akaona nukta ambayo katika kioo kimoja ilikuwa kubwa na katika kingine karibu haipo. Mwaka 1911 wakili mmoja Mmarekani, William Tyler Olcott, akaanzisha chama cha watazamaji wa nyota zenye mwanga usiotulia, kiitwacho kwa kifupi AAVSO. Tangu hapo wanachama wake katika nchi nyingi wameiandama SS Cygni usiku kwa usiku, kwa zamu ambayo hakuna aliyeipanga: jua likichomoza Japani, bado ni usiku Ulaya, mawingu yakifunika Ufaransa, kuna mtu Marekani ambaye mbingu yake i safi.

Sasa nyota hii huwaka kwa nini? Kwanza, si nyota moja, ni mbili. Moja ni mabaki ya nyota iliyokwisha kumaliza moto wake: ukubwa wake kama wa dunia yetu, lakini uzito wake haupungui sana na ule wa jua. Wataalamu huiita kibete cheupe. Ya pili ni nyota ndogo yenye rangi ya kuelekea wekundu. Zimekaribiana mno hata zazungukana kwa muda wa saa sita na nusu na dakika chache. Kwa kuwa kile kibete ni kizito, chamvuta dada yake na kumnyang'anya gesi yake. Gesi hiyo haianguki moja kwa moja. Huzunguka kwanza, kama maji yazungukavyo juu ya tundu kabla ya kuingia, ikafanya umbo la sahani bapa kandokando ya kibete. Sahani hiyo ndiyo itoayo mwanga mwingi tunaouona.

Aliyekaa kando ya kijito chenye magugu ataelewa upesi. Maji huja kidogo kidogo, magugu yayazuia, maji yajikusanya. Kwa nje kijito chaonekana kimetulia. Halafu siku moja uzito wa maji washinda magugu, na yote hushuka kwa kishindo. Kisha magugu hujishika tena, na hesabu huanza upya. Katika sahani ya SS Cygni magugu ni ubaridi. Gesi ikiwa baridi husogea polepole na kurundikana. Rundo likizidi, joto lapanda, atomu za hidrojeni zapoteza elektroni zake, na gesi yageuka tabia: yasuguana kwa nguvu zaidi, yatelemka kwa wingi kuelekea kibete, na kuanguka kwake hutoa mwanga ule mkubwa. Mjapani Yoji Osaki aliandika mwaka 1974 ya kwamba chanzo cha kuwaka ni sahani yenyewe, na wengine wakaikamilisha hesabu katika miaka iliyofuata.

Tukumbuke jambo moja katika mfano wetu. Kijito kikiletewa maji mengi mno, magugu hayapati nafasi ya kujishika. Maji hupita mfululizo, wala hakuna kishindo cha mara kwa mara. Vivyo hivyo, dada akimpa kibete gesi nyingi kupita kiasi fulani, sahani haipoi kamwe. Huwaka siku zote kwa mwanga ule ule, na nova kibete haipo tena.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Mwaka 1999 wataalamu waliotumia darubini ya Hubble, ile izungukayo dunia juu ya hewa, walitangaza ya kwamba SS Cygni iko mbali nasi kwa zaidi ya miaka 500 ya mwanga. Hubble ina sifa kubwa, wala watu hawakuwa tayari kuipinga. Lakini fikirini: ukiona taa usiku na kudhani iko karibu, utasema ni kibatari, ukiambiwa kwamba iko mbali sana, utakiri ni taa kubwa. Kadiri umbali ulivyoongezeka katika hesabu, ndivyo mwanga wa kweli wa SS Cygni ulivyoongezeka, na ndivyo ilivyobidi gesi iletwayo iwe nyingi zaidi. Wataalamu walipopiga hesabu wakafadhaika. Kwa umbali ule, gesi ilikuwa nyingi hata nyota ile isingepaswa kuwaka na kulala. Ilipaswa kuwaka daima. Nova kibete iliyojulikana kuliko zote ilikuwa inawakanusha wale walioieleza!

Basi ama kipimo kilikosea, ama maelezo yote ya sahani yalikosea. Na hilo la pili halikuwa jambo dogo, maana kwa maelezo hayo hayo wenye elimu hueleza sahani za gesi zilizoko kandokando ya mashimo meusi, na nyinginezo.

Namna ya kuamua ilikuwa kupima umbali tena kwa njia nyingine. Jinsi ya kupima umbali wa nyota yajulikana kwa yeyote aliyewahi kunyosha kidole gumba mbele ya uso, akafumba jicho moja kisha jingine: kidole chaonekana kuruka upande. Dunia yetu ikizunguka jua hubadili mahali, na nyota iliyo karibu huonekana imesogea kidogo mbele ya zile za mbali sana. Lakini kidogo kweli! Kusogea kwa SS Cygni ni kama upana wa sentimita moja ukitazamwa toka umbali wa kilomita 230 hivi. Ni kana kwamba mtu wa Lubumbashi atake kupima ukucha wa kidole kidogo cha mtu aliye Kolwezi.

Darubini za redio, zile zenye masahani makubwa ya chuma, zikiunganishwa kutoka nchi moja hata nyingine, zaweza kupima upana huo. Marekani wanayo masahani kumi ya namna hiyo, kila moja lenye mita 25, yaliyotawanywa toka Hawaii hata visiwa vya bahari ya Karibi. Na Ulaya nao wana yao. Kulikuwa na kizuizi kimoja tu: SS Cygni ikilala haitoi mawimbi ya redio ya kutosha. Mwaka 2008 kikundi cha Elmar Körding kilionyesha kwamba mawimbi hayo hutokea nyota inapowaka, nayo huwa na nguvu hasa mwanzoni. Tena masahani hayo yana kazi nyingi, hayawezi kuelekezwa mahali pamoja miezi na miezi yakingoja.

Sasa msomaji anaona njia ilivyokwenda. James Miller-Jones wa Chuo Kikuu cha Curtin, Australia, na wenzake, waliwageukia watazamaji wa AAVSO. Ombi lao lilikuwa rahisi kutamka na gumu kutimiza: tazameni kila usiku, na saa ile ile nyota ianzapo kupanda, tuambieni. Kuchelewa siku mbili kungeharibu nafasi, na nafasi nyingine ingengojewa majuma mengi. Tena isingetosha mara moja, maana ili kuona nyota imesogea lazima ipimwe katika nyakati mbalimbali za mwaka. Toka mwaka 2010 hata 2012 watu wale walikesha. Kila mara mwanga ulipopanda, habari ilipelekwa, na masahani yakageuzwa.

Matokeo yalitolewa mwaka 2013 katika gazeti la elimu liitwalo Science. SS Cygni iko umbali wa miaka 372 ya mwanga, si zaidi ya 500. Kwa umbali huo mwanga wake wa kweli ni karibu nusu ya ule uliodhaniwa, gesi ni ya kiasi chake, na kijito chawaka na kulala kama ilivyoelezwa. Miaka mitano baadaye chombo cha Ulaya kiitwacho Gaia, kilichopima nyota zaidi ya milioni elfu moja, kilitoa umbali unaokubaliana na ule wa redio. Sisi hatuoni sababu ya kuidharau Hubble kwa ajili ya hayo. Kipimo kigumu chaweza kukosewa na mwenye mkono ulio hodari.

Mwaweza kusema: hao wa AAVSO ni watu wa Marekani wenye vyombo vya thamani. Wapo wa namna hiyo. Lakini alikuwako pia Albert Jones wa New Zealand, aliyezaliwa mwaka 1920 na kufariki mwaka 2013. Alikuwa msaga nafaka, kisha mwenye duka la vyakula, na darubini yake aliijenga mwenyewe. Katika maisha yake aliandika vipimo vya mwanga wa nyota zaidi ya 500.000, vyote kwa jicho lake. Twajaribu kuwaza daftari zake zilivyokuwa, tunashindwa.

Kipimo cha jicho chafanywaje? Wataalamu huhesabu mwanga kwa madaraja, na hesabu yao imegeuzwa: daraja dogo ni la nyota yenye mwanga mwingi. Daraja la 6 ni mwisho wa macho matupu. SS Cygni ikilala iko katika daraja la 12. Ikiwaka hufika la 8. Mtazamaji huwa na ramani ndogo ambamo nyota za jirani zisizobadilika zimeandikiwa madaraja yao. Hutafuta moja iliyo na mwanga kupita kidogo ile aipimayo, na nyingine iliyopungukiwa kidogo, kisha hukadiria katikati. Zikiwa na 8,5 na 9,5, naye akaona nyota yake i katikati kabisa, huandika 9,0, pamoja na tarehe na saa. Ni hayo tu. Mtoto aliyesoma hesabu za desimali aweza kuyafanya.

Ugumu ni wa moyo. Tutasema la kwetu, ingawa halitupatii sifa. Usiku mmoja tulikuwa tumesikia kwamba SS Cygni inawaka. Tukaitafuta, tukaona nyota nzuri yenye mwanga wa kutosha, tukafurahi, tukaandika 8,4. Mtoto mmoja wa nyumbani akaomba kutazama naye. Akakaa kimya, akalinganisha na karatasi, akasema: «Baba, hii si ile. Hii iko kwenye ramani, ina namba yake.» Tulikuwa tumepima jirani! SS Cygni yenyewe ilikuwa pembeni, imekwisha kufifia hata daraja la 10 na zaidi. Tulitazama tukiwa tumekwisha kujua tunalotaka kuona. Tangu siku ile hatuulizi habari za nyota kabla ya kuipima. Na daftari huandikwa na wawili, kila mtu namba yake, bila kuonyeshana mpaka mwisho.

Katika nchi yetu SS Cygni huonekana upande wa kaskazini. Mwishoni mwa Septemba, yapata saa tatu usiku, hufika juu kabisa ya njia yake. Kwa watu wa Bukavu ni karibu nusu ya kimo toka upeo wa nchi hata utosini; kwa watu wa Lubumbashi ni chini kidogo, na huko majira hayo moshi wa mioto ya mbugani hulaza mwanga wa nyota zote, yafaa kukumbuka. Tafuteni kwanza Deneb, nyota kubwa nyeupe ya Batamaji. Nyosheni mkono, kunjeni ngumi: SS Cygni iko umbali wa ngumi moja kuume kwa Deneb, juu kidogo. Ikiwa inawaka, darubini ya macho mawili itatosha penye giza la kweli. Ili kuiona imelala, darubini ya kioo cha sentimita 15 yahitajiwa.

Wala msidhani kwamba kazi imekwisha kwa kuwa umbali umejulikana. Mwaka 2021 SS Cygni iliacha desturi yake: mwanga wake wa usingizi ulikuwa umepanda, na badala ya kuwaka na kulala kwa zamu iliyozoeleka, ikawa yayumba katikati, haipandi sana wala haishuki sana. Katika vipimo vya zaidi ya miaka mia hali ya namna ile haikuwa ya kawaida, na wataalamu wameandika mengi juu yake. Wasingeweza hata kusema kwamba ni ajabu, kama hakuna aliyeandika siku za kawaida.

Jambo moja la mwisho kwa wenye daftari. Ukitoka uani, ukaona jirani wote wa SS Cygni hata wa daraja la 11, yenyewe isionekane, usirudi ndani mikono mitupu. Andika alama ya «chini ya», kisha 11, kisha saa. Atakayetafuta ni usiku gani nyota ilianza kupanda atahitaji kwanza kujua ni usiku gani ilikuwa bado haijaanza.